Norman Wilkinson, Mchoraji Aliyeyapoteza Macho ya Nyambizi

Askari wa nchi kavu anapofundishwa kujificha huambiwa atafute kichaka, ajifunike matawi, ajipake udongo usoni, kisha atulie. Somo hilo ni jema na limeokoa roho za watu wengi. Lakini liko swali moja lisiloweza kujibiwa kwa matawi. Meli ya chuma yenye urefu wa mita 120, inayotoa moshi mchana kutwa, na inayokwenda katikati ya bahari isiyo na kichaka wala kilima, itajificha wapi?

Mtu aliyelijibu swali hilo hakuwa jemadari wala mhandisi. Alikuwa mchoraji wa picha, jina lake Norman Wilkinson. Jibu lake liliwashangaza wengi: kwa kuwa meli haiwezi kufichika, basi na ionekane, lakini ionekane kwa namna itakayompotosha adui.

Wilkinson alizaliwa tarehe 24 Novemba 1878 katika mji wa Cambridge, Uingereza. Utotoni alisoma Berkhamsted, kisha katika shule ya waimbaji wa kanisa kuu la Mtakatifu Paulo mjini London. Mafunzo ya uchoraji hakuyapata kwa wingi darasani. Alipita katika shule ya sanaa ya Southsea, karibu na Portsmouth, bandari kubwa ya wanamaji wa Uingereza, na akiwa kijana wa miaka 21 alikwenda Paris kujifunza kuchora umbo la binadamu. Lakini moyo wake ulikuwa baharini. Alipenda kuchora meli, mawimbi, mawingu, na mwanga wa alfajiri juu ya maji. Kuanzia mwaka 1898 alilichorea gazeti la picha la Illustrated London News, na kwa kazi hiyo alijizoeza kutazama chombo kwa haraka na kukiweka kwenye karatasi kama kilivyo.

Jina lake lilienea. Kampuni za reli zilimpa kazi ya kuchora matangazo yaliyobandikwa vituoni. Kampuni ya meli ya White Star nayo ikamwagiza picha za kupamba meli zake mpya. Picha yake ya bandari ya Plymouth ilitundikwa katika ukumbi wa wavutaji tumbaku wa daraja la kwanza ndani ya Titanic, nayo ikazama pamoja na meli hiyo mwezi Aprili 1912.

Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka mwaka 1914, Wilkinson alikuwa na umri wa miaka 35. Alijiunga na kikosi cha akiba cha wanamaji wa kujitolea. Alitumika katika doria za kuzisaka nyambizi, akafika Gibraltar na Dardanelles, na mwaka 1915 aliyaona kwa macho yake mapigano ya Gallipoli, ambayo aliyachora na kuyatolea kitabu. Mwaka 1917 aliwekwa Devonport, katika bandari ya Plymouth, kuongoza chombo kidogo cha injini kilichofanya kazi ya kuondoa mabomu ya baharini. Hivyo mchoraji huyu hakuyajua mambo ya bahari kwa kusimuliwa. Alikuwa ameyatazama kutoka kwenye sitaha ya chombo cha vita.

Mwaka huo ulikuwa mgumu mno kwa Uingereza. Tarehe 1 Februari 1917 Ujerumani ilianza kuzishambulia kwa nyambizi meli zote zilizoelekea nchi ya adui wake, ziwe za kivita au za biashara, bila ya kuzipa onyo. Uingereza ni kisiwa, na chakula chake kingi pamoja na mali ghafi za viwanda vilitoka ng'ambo. Katika mwezi wa Aprili peke yake zilizamishwa meli za jumla ya zaidi ya tani 800,000. Ilikadiriwa kwamba kati ya kila meli nne zilizotoka Uingereza kwenda safari za mbali, moja haikurudi. Wakuu wa serikali walijua kwamba mambo yakiendelea hivyo kwa miezi michache, nchi ingeshindwa kwa njaa kabla ya kushindwa kwa silaha.

Wataalamu wengi walikuwa wamejaribu kuifanya meli isionekane. Wapo walioshauri rangi ya kijivu, wengine rangi ya mawingu, wengine vioo na turubai. Yote hayo yalianguka kwa sababu moja: mbingu haina rangi moja. Rangi inayofanana na wingu la asubuhi huwa doa jeusi wakati wa machweo, tena kamanda wa nyambizi hutazama kutoka chini, karibu na usawa wa maji, hivyo huiona meli ikiwa imesimama mbele ya anga tupu. Na hata kama rangi ingepatana na anga, moshi wa dohani ungeisaliti meli kutoka mbali.

Katika mwezi huohuo wa Aprili 1917, Wilkinson alipata ruhusa fupi akaenda kuvua samaki. Akirudi Devonport kwa treni, alfajiri, katika behewa lenye baridi kali, wazo lilimjia kwa ghafla. Ikiwa haiwezekani kuipaka meli rangi ikatoweka machoni, dawa ni kufanya kinyume chake. Ipakwe rangi kali zenye kupingana, kwa mistari na maumbo yanayolivunjavunja umbo lake, ili anayeitazama asijue inaelekea upande gani. Tarehe 27 Aprili aliwaandikia wakubwa wa Wizara ya Wanamaji kuwaeleza wazo hilo.

Ili kufahamu thamani ya wazo hilo, yafaa kukumbuka jinsi nyambizi ilivyopiga. Silaha yake kubwa ilikuwa topido, yaani kombora liendalo chini ya maji kwa nguvu za mashine yake. Topido haliendi kasi kama risasi. Tuchukue mfano wa meli inayokwenda maili 10 za bahari kwa saa, na topido linalokwenda maili 35 za bahari kwa saa. Likirushwa kutoka umbali wa mita 1,000, topido hilo litatumia karibu sekunde 55 kufika, na katika muda huo meli itakuwa imesogea karibu mita 285, yaani zaidi ya mara mbili ya urefu wake. Kwa hiyo kamanda wa nyambizi hakuilenga meli pale ilipo. Alilenga mahali itakapokuwa. Alipaswa kukisia mambo matatu: umbali wa meli, mwendo wake, na upande inakoelekea. Tena alikisia kwa kutazama mara chache, kwa nukta chache, kupitia periskopu, ile darubini ndefu inayochomoza juu ya maji. Akikosea kidogo katika jambo moja tu kati ya hayo, topido lilipita mbele au nyuma ya meli, na watu wote waliomo wakaokoka. Wilkinson aliona kwamba kosa la nyuzi nane au kumi tu katika kukisia uelekeo lilitosha kumnyima adui shabaha yake.

Wizara ilikubali kufanya majaribio. Meli ya kwanza kupakwa rangi hizo ilikuwa meli ndogo ya kuchukulia vifaa iliyoitwa Industry, na maofisa wa pwani na manahodha wa vyombo vingine waliombwa watoe taarifa za jinsi walivyoiona. Taarifa hizo zilitia moyo. Kufikia katikati ya mwaka Wilkinson alipewa idara yake, na kwa kuwa wizarani hapakuwa na nafasi, alipewa vyumba katika Chuo cha Kifalme cha Sanaa mjini London, katika jengo la Burlington House.

Hapo ndipo ilipofanyika kazi ambayo yapasa kukumbukwa zaidi kuliko rangi zenyewe. Wilkinson hakutaka meli hata moja ipakwe rangi kwa kubahatisha. Alikusanya watu wapatao ishirini hivi: wachoraji wa mambo ya bahari, mafundi wa kuchonga, na wanawake vijana kutoka vyuo vya sanaa. Mafundi walichonga vijimeli vya mbao, kila kimoja kikiwa mfano halisi wa aina fulani ya meli, kwa vipimo vilivyopunguzwa kwa uwiano mmoja, pamoja na dohani zake, milingoti yake na mashua zake za kuokolea. Wachoraji wakavipaka rangi nyepesi zilizoweza kufutwa na kubadilishwa upesi.

Kijimeli kilichokwisha kupakwa rangi kiliwekwa juu ya meza ya kuzunguka, ndani ya chumba kilichotengenezwa kama jukwaa la mchezo. Nyuma yake waliweka pazia la anga: mara anga jeupe, mara lenye mawingu, mara la jioni. Mbele, kwa mbali, palikuwa na periskopu kama ile ya nyambizi. Mtazamaji aliweka jicho lake kwenye kioo, meza ikazungushwa pasipo yeye kujua, kisha akatakiwa kusema meli inaelekea wapi. Akisema kweli upesi, mchoro ule ulikuwa umeshindwa, ukafutwa na kuanzwa upya. Akikosea, au akisitasita, mchoro ulisogezwa mbele. Pengine mstari mmoja ulihamishwa, doa jeusi likapanuliwa, kisha wakajaribu tena.

Kwa majaribio hayo walijifunza mengi. Waligundua kwamba jicho hutambua uelekeo wa meli kwa kushika alama chache: ncha ya omo, ukingo wa tezi, na jinsi dohani na milingoti zilivyopangana. Basi mistari minene iliyoinama ilipitishwa katika omo ili ncha yake isishikike. Omo la uongo lilichorwa nyuma ya lile la kweli, na wimbi la uongo likachorwa mahali pasipokuwa na wimbi. Rangi zilizotumika zaidi zilikuwa nyeusi, nyeupe, buluu, kijani na kijivu. Mchoro wa ubavu wa kulia haukuwa sawa na wa ubavu wa kushoto, na meli zilitofautishwa ili adui asije akaizoea michoro hiyo na kuijua siri yake.

Mchoro uliofaulu ulinakiliwa kwenye karatasi nyeupe ulioonyesha mbavu zote mbili za meli, kwa kipimo cha sehemu moja ya kumi na sita ya inchi kwa kila futi moja ya meli. Nakala hiyo ilipelekwa kwa ofisa wa idara aliyekuwa bandarini. Maofisa hao wengi wao walikuwa wasanii. Mmojawapo, Edward Wadsworth, alisimamia kazi hiyo Bristol na Liverpool, na mwaka 1919 alichora picha mashuhuri ya meli hizo zikiwa katika gudi. Kazi yao haikuwa rahisi. Mpaka kati ya rangi na rangi, ambao juu ya kijimeli ulikuwa na urefu wa kidole, juu ya meli ulikuwa mrefu kuliko nyumba, na ubavu wa meli umepinda hali karatasi ni bapa. Mpaka ukihama, kiinimacho hupotea. Tena meli nyingi hazikuweza kusubiri. Zilipakwa rangi huku shehena ikishushwa na kupakiwa.

Siku moja Mfalme George wa Tano alikuja kuitazama kazi hiyo. Mfalme huyo alikuwa ametumika katika jeshi la wanamaji ujanani mwake kwa miaka mingi, na hakuwa mgeni wa meli. Wilkinson aliweka kijimeli mezani, akamwomba atazame kwa periskopu na kukadiria uelekeo wake. Mfalme alisema kinaelekea kusini, kikiegemea magharibi kidogo. Kwa kweli kilikuwa kikielekea mashariki, kikiegemea kusini. Kosa lake lilikaribia robo ya duara. Alistaajabu, kwani alikuwa ametazama kwa utulivu, ndani ya chumba, bila ya mawimbi wala hofu ya kuvamiwa. Kamanda wa nyambizi hakuwa na nafasi kama hiyo.

Mapema mwaka 1918 Wilkinson alitumwa Washington kuwasaidia Wamarekani waanzishe idara kama yake. Miongoni mwa viongozi aliokutana nao alikuwa Franklin Roosevelt, ambaye wakati huo alikuwa naibu mkuu wa wizara ya wanamaji na baadaye akawa rais. Wamarekani nao walijenga vyumba vya majaribio na kuchonga vijimeli, na kabla ya vita kumalizika walikuwa wamezipaka rangi hizo zaidi ya meli 1,200. Kwa upande wa Uingereza, hadi mwisho wa vita mwezi Novemba 1918, meli za biashara zaidi ya 4,000 na manowari zipatazo 400 zilikuwa zimepakwa. Mwaka huohuo Wilkinson alimwoa Evelyn Mackenzie, aliyefanya kazi pamoja naye katika idara ile.

Je, rangi hizo zilifanya kazi? Hapa ndipo msomaji askari anapopaswa kutulia na kupima, kwa maana silaha haisifiwi kwa uzuri wake. Wizara ya Wanamaji ilikusanya hesabu. Katika miezi mitatu ya kwanza ya 1918, kati ya meli zilizopakwa rangi hizo na kushambuliwa, asilimia 72 zilizama au kuharibiwa, hali zile zisizopakwa zilikuwa asilimia 62. Katika miezi mitatu iliyofuata mambo yaligeuka: zilizopakwa zilikuwa asilimia 60, na zisizopakwa asilimia 68. Zaidi ya hayo, meli zilizopakwa aghalabu zilikuwa kubwa zaidi, na tangu mwaka 1917 meli zilikuwa zimeanza kwenda kwa misafara ikilindwa na manowari. Nani angeweza kusema ni lipi lililoiokoa meli fulani, rangi, ukubwa, au walinzi wake?

Kamati iliyochunguza jambo hilo ilikiri kwamba haikupata ushahidi wa wazi kuwa rangi hizo zilizuia meli kuzama. Lakini iliona pia kwamba hazikuleta madhara, na kwamba mabaharia wa meli za biashara walipata moyo zaidi walipojua kuwa kuna kitu kimefanywa kwa ajili ya usalama wao. Hivyo ikashauri kazi iendelee. Wilkinson mwenyewe hakuacha kuamini kwamba njia yake iliokoa meli, na majaribio ya periskopu yalimpa haki ya kuamini hivyo. Lakini chumba cha majaribio si bahari, na hesabu zilizopatikana hazikutosha kulimaliza shauri hilo.

Baada ya vita ulizuka ubishi mwingine, juu ya nani aliyelibuni wazo hilo. John Graham Kerr, profesa wa elimu ya wanyama katika chuo kikuu cha Glasgow, alikuwa amemwandikia Winston Churchill, mkuu wa Wizara ya Wanamaji, mwezi Septemba 1914. Alishauri meli zipakwe mabaka na michirizi ya kuvunja umbo, akatoa mfano wa punda milia, twiga na jagwa. Shauri lake lilijaribiwa kwa muda kisha likaachwa. Alipoona sifa zinamwendea mchoraji, aliona kwamba ameporwa haki yake. Tume ya kifalme iliyohusika na zawadi za wavumbuzi ilisikiliza pande zote, na mwaka 1922 ikaamua kwamba Wilkinson ndiye mwenye uvumbuzi, ikampa pauni 2,000. Hoja iliyompa nguvu ilikuwa kwamba lengo lake lilikuwa tofauti: hakutaka meli isionekane vizuri, alitaka uelekeo wake ukosewe. Hata hivyo elimu ya Kerr haikupotea. Mwanafunzi wake Hugh Cott aliandika mwaka 1940 kitabu kikubwa juu ya rangi za wanyama, akafundisha askari sanaa ya maficho nchini Misri katika Vita Kuu ya Pili, na baadaye akafanya uchunguzi wa mamba nchini Uganda.

Vita Kuu ya Pili ilipoanza mwaka 1939, Wilkinson aliitwa tena, naye akiwa na miaka 60. Safari hii hakupewa meli. Alipewa viwanja vya ndege, na kazi yake ikawa kinyume cha ile ya kwanza. Uwanja wa ndege hauendi popote, hivyo rubani wa adui hana haja ya kukisia uelekeo wake. Anachohitaji ni kuuona tu. Basi mtu yuleyule aliyesema kwamba meli ionekane, sasa alisimamia kazi ya kuvifanya viwanja vionekane kama mashamba ya kawaida. Hakung'ang'ania ubunifu wake wa zamani kwa sababu ulimpa jina. Alianza kwa kuuliza adui anatazama kutoka wapi, na anatafuta nini.

Katika vita hivyo hakuacha kuchora. Tarehe 6 Juni 1944, majeshi ya washirika yaliposhuka katika pwani ya Normandy, alikuwa juu ya manowari Jervis akitazama. Picha zake 52 za vita vya baharini zilionyeshwa London mwaka huo. Kwa miaka mingi aliongoza taasisi ya kifalme ya wachoraji wa rangi za maji, na mwaka 1969 alichapisha kitabu cha maisha yake. Alifariki mwaka 1971, akiwa na umri wa miaka 92.

Baadhi ya vijimeli vya mbao vilivyotumika katika majaribio yale vimehifadhiwa hadi leo katika Jumba la Makumbusho ya Vita mjini London, na mistari yake ingali inaonekana. Anayevitazama kwa karibu huviona kama vitu vya kuchezea watoto. Lakini kila kimoja kilisimama mezani kwa niaba ya meli yenye watu, na kosa lililopatikana juu yake lilisahihishwa kwa brashi na maji, kabla halijalipiwa kwa roho.

Askari wa ulinzi na askari polisi wote hutegemea macho. Mmoja huripoti gari aliloliona likipita usiku, mwingine hupokea maelezo ya shahidi aliyemwona mtu akikimbia. Kisa cha mfalme na kile kijimeli chatufaa sote. Mtu mzoefu, mkweli, aliyetulia, anaweza kuona sawasawa na bado akakosea upande. Kwa hiyo wajibu wa mwenye kazi ya ulinzi ni kutazama mara ya pili, tena kutoka mahali pengine, kabla ya kusema ana hakika.